Kabla ya kununua mtumbwi Mtera, tafuteni kwanza watoto watalala wapi

Barabara ya Iringa inatoka Dodoma mjini kuelekea kusini, inapita Mpunguzi, Manzase, Fufu na Chipogoro, na karibu muda wote huo inashuka. Abiria aliyesinzia kwenye basi hawezi kulihisi hilo. Dodoma mjini iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, wakati uso wa Bwawa la Mtera, likijaa kabisa, uko mita 698.5. Tofauti hiyo ya mita 400 na ushee hujitambulisha kwanza kwa joto, kisha kwa mibuyu, ambayo inaongezeka na kunenepa kadiri gari linavyokwenda. Halafu, katikati ya nchi kavu ambako njia nzima umepishana na wanawake wenye ndoo kichwani na punda waliobebeshwa madumu, maji yanatokea. Ni mengi hadi macho yanapokoma, na ndani yake imesimama miti iliyokufa zamani.

Gari likisimama, wachuuzi huleta samaki hadi dirishani: perege waliokaangwa, kambale waliobanikwa wakawa weusi kwa moshi. Abiria wananunua, safari inaendelea. Lakini wapo ambao wazo linawabaki kichwani hata baada ya kufika nyumbani.

Tuseme ni baba wa watoto watatu. Jengo alilokuwa akifanya kibarua limekamilika na kazi imeisha, kodi ya vyumba viwili pale Chang'ombe inakaribia. "Mama watoto," anasema baada ya chakula, "nimeonyeshwa mtumbwi Mtera. Unauzwa pamoja na nyavu na kibanda. Kodi hakuna, mboga iko majini."

Mama, ambaye kwao ni Chipogoro, hakatai. Anauliza tu, "Hicho kibanda kiko wapi, baba?"

"Ufukweni kabisa."

"Ufukwe wa mwezi gani?"

Familia nyingi zinazofikiria kuhamia majini huulizana kuhusu bei ya mtumbwi, ubora wa nyavu na idadi ya samaki. Swali la huyu mama ndilo la kuanza nalo, kwa sababu Mtera ufukwe hauna anwani.

Ufukwe unaohama

Wengi huita Mtera ziwa, na kwa macho ni ziwa kweli. Lakini ni bwawa la umeme. Lilijengwa nusu ya pili ya miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, ili likusanye maji ya masika na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi yaende kuzungusha mitambo ya Kidatu huko chini. Mitambo ya Mtera yenyewe, ya megawati 80, ilianza kazi 1988. Maana yake ni kwamba maji haya yana mwenyewe, naye ni TANESCO, na yanapofunguliwa hakuna mvuvi anayeulizwa kama nyavu zake zimetegwa wapi.

Maji yakiwa kwenye kina cha juu kabisa yanafika mita 698.5. Kina cha chini ambacho mitambo inaruhusiwa kufanya kazi ni mita 690. Katikati yake ni mita 8.5, na kwenye ukuta wa zege hizo hazitishi: ni kama urefu wa nyumba ya ghorofa mbili. Tatizo liko kule maji yanakoingilia, kwenye tambarare za upande wa Migoli na Izazi na kule Mto Kisigo unakojiunga. Ardhi ya huko imelala. Bwawa likijaa hufunika zaidi ya kilomita za mraba 600, na kwa sababu halina kina kirefu, maji yakishuka mita moja tu ukingo unaweza kurudi nyuma mamia ya mita. Yakishuka mita nne, kibanda kilichokuwa ufukweni Mei kinajikuta Novemba kimesimama peke yake kwenye uwanja wa matope yaliyokauka na kupasuka, na maji yanaonekana kwa mbali yakimetameta.

Mzunguko wenyewe unajulikana. Mvua za nyanda za kati ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na Dodoma hupata takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka mzima. Bwawa hupanda kuanzia Januari, hufika juu karibu na Mei, kisha linashuka miezi yote iliyobaki. Jua la huko hunywa maji mengi, mitambo inachukua sehemu yake, na mto unaoleta maji kutoka Usangu hupungua sana. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kabisa kwa wiki kadhaa kila kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, kabla haujafika Mtera. Mwaka wa ukame mkali mambo huwa mabaya zaidi. Watu wazima wanaukumbuka mgao wa umeme wa 2006, wakati nchi nzima ilikuwa ikisikiliza taarifa za kina cha Mtera redioni kama inavyosikiliza matokeo ya mpira.

Inafaa kulinganisha na Uingereza, ambako kuishi kwenye mashua ni jambo la kawaida kiasi. Kuna mifereji iliyochimbwa zaidi ya miaka 200 iliyopita kwa kusafirisha makaa ya mawe na bidhaa za viwandani. Biashara hiyo ilikufa, na leo maelfu ya watu, wengine na watoto wao, wamezigeuza zile mashua nyembamba, zenye upana wa mita 2 na kidogo, kuwa nyumba. Sababu ya wengi ni ileile ya baba wa Chang'ombe: kodi. Huko maji ya mfereji hayaendi popote, malango yanayazuia. Kinachotakiwa kuhama ni mashua, kwani sheria ya 1995 inamtaka asiye na maegesho yake ya kudumu asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14, isipokuwa awe na sababu ya msingi. Kwa hiyo mzazi wa London mwenye mtoto wa shule hupiga hesabu ya umbali kila wiki mbili. Mzazi wa Mtera hana sheria ya siku 14. Chombo chake kinaweza kukaa, ila ufukwe unamwacha, na hesabu ya umbali wa shule inarudi palepale.

Mtumbwi wenyewe

Mitumbwi mingi ya Mtera ni ya mbao zilizounganishwa kwa misumari, viungo vikazibwa kwa pamba. Mnunuzi anayetoka mjini huangalia rangi. Rangi haisemi kitu, tena mara nyingine imepakwa wiki iliyopita ili izibe midomo ya nyufa.

Kinachoua mtumbwi haraka ni jua, wala si maji. Mbao iliyozoea maji ikiachwa nchi kavu siku kadhaa kwenye joto la Mtera hukauka, hujikunja, na viungo vinafunguka. Ndiyo maana wavuvi makini huuacha mtumbwi majini hata siku wasizovua, na ukilazimika kupandishwa juu hufunikwa kwa magunia na kumwagiwa maji asubuhi na jioni. Adui wa pili ni mchwa. Nchi ya Dodoma ina mchwa wa kutosha, na mtumbwi uliolazwa chini bila magogo ya kuuinua huliwa kuanzia tumboni, mahali ambapo mwenyewe haoni.

Kwa hiyo ukaguzi usifanyike ufukweni. Mtumbwi uingizwe majini jioni, ubebeshwe mawe ya uzito wa watu wawili na nyavu zao, ulale hapo. Asubuhi kilichomo ndani kinaeleza habari yote. Maji ya kukumba kwa kata dakika chache ni ya kawaida. Yakiwa yamefika kwenye viti, muuzaji apewe mkono na kutakiwa siku njema. Halafu kisu kidogo kichukuliwe, kichomwe taratibu kwenye mkuku, yaani ule mti wa chini unaobeba chombo chote, na kwenye mataruma yanayoshika mbao za ubavu. Kisu kikizama bila nguvu, mti umeoza. Ubao mmoja wa ubavu fundi anaweza kuubadilisha kwa siku moja. Mkuku ukioza, kinachouzwa ni kuni.

Bei za Novemba huvutia, na hapo pawepo tahadhari. Wakati huo maji yamekwenda mbali, samaki wengine wamepungua, na mwenye mtumbwi anaweza kuwa anataka tu kuondoka. Anayenunua wakati huo anunue akijua kwamba mbao huenda zimekaa juani miezi mitatu.

Kuna jambo jingine la kule majini ambalo wageni hulijua kwa kugonga. Ile miti iliyokufa ambayo abiria wa basi hupiga picha ina wenzake wengi ambao vichwa vyao havionekani. Bwawa likiwa limejaa visiki viko chini kabisa. Likishuka, vinabaki kiganja kimoja chini ya uso wa maji. Vinachana nyavu na vinapasua mbao. Mgeni anayefikiria kununua mashine ya boti asubiri mwaka mmoja, atumie kasia na pondo, awe nyuma ya mwenyeji. Pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, una faida kuliko unavyofikiriwa kwenye maji mafupi, na hauli petroli.

Upepo pia uhesabiwe. Nyanda za kati zina upepo mkali katika miezi ya kiangazi, hasa kuanzia Juni, na kwenye uso mpana wa maji usio na mlima karibu unainua mawimbi haraka. Jaketi la kuokolea maisha linunuliwe siku moja na mtumbwi, moja kwa kila mtu anayepanda. Wavuvi wazoefu wengi huliona kama jambo la wageni. Mama wa Chang'ombe ana haki ya kuligeuza kuwa sharti.

Karatasi na madeni

Mtumbwi wa kuvulia ni chombo chenye usajili. Kwa Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni zake, chombo kinasajiliwa na kupewa namba, na leseni inalipiwa kila mwaka. Bwawa hili limegawanyika kati ya halmashauri zaidi ya moja, Mpwapwa na Chamwino upande wa Dodoma na Iringa upande wa pili, hivyo swali la kwanza kwa muuzaji ni namba ya chombo iko kwenye daftari la halmashauri ipi. La pili ni kama jina lililoandikwa humo ni lake. Makubaliano yaandikwe mbele ya uongozi wa kijiji na wa kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo huo, ambacho wenyeji hukiita BMU. Watu wa BMU wanajua mtumbwi upi ni wa nani, upi umewahi kukamatwa na kwa sababu gani. Saa moja ya kuzungumza nao ina faida kuliko siku nzima ya kuzungumza na muuzaji.

Nyavu zikija pamoja na mtumbwi zikaguliwe kwa jicho hilohilo. Kokoro limekatazwa, na nyavu za macho madogo kuliko kipimo pia. Zikikutwa, hukamatwa na kuteketezwa, na anayejibu ni aliye nazo siku hiyo, hata kama alizinunua jana. Maneno ya "hapa wote wanatumia" yanaweza kuwa kweli, lakini hayamsaidii mtu mbele ya hakimu.

Deni ndilo linaloumiza kimyakimya. Mvuvi asiye na mtaji huletewa nyavu, au hata mtumbwi mzima, na tajiri anayenunua samaki. Hakuna riba inayotajwa. Malipo yake ni kwamba samaki wote watauzwa kwa tajiri huyo, kwa bei anayoitaja yeye. Kwenye wiki nzuri mpango huu unaonekana kama msaada. Kwenye miezi mibaya familia hula kwa mkopo wa tajiri yuleyule, na mtumbwi ambao baba anauita wake unakuwa wake kwa jina. Ni afadhali kununua chombo kidogo kwa fedha ya vikoba, inayojulikana inalipwa lini, kuliko kupewa kikubwa bure.

Kibanda

Kibanda cha ufukweni huuzwa kwa maneno mepesi: miti, nyasi au turubai, mlango wa bati. Anayelipa huamini amenunua na mahali kilipo. Ardhi ya pale, kama si ya eneo la bwawa, ni ya kijiji, na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 mwenye mamlaka ya kumkaribisha mgeni ni kijiji kupitia halmashauri yake na mkutano wa wananchi. Mvuvi mwenzako anaweza kukuuzia miti na bati. Ardhi hana.

Pia kuna mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Kwenye maji yanayohama mtu anaweza kubishana mita 60 zinahesabiwa kutoka wapi, ila kabla ya kubishana na sheria afikirie bwawa likijaa. Kibanda kilichojengwa Desemba karibu na maji kiko kwenye sakafu ya bwawa. Maji yakirudi hayagongi hodi, na mara nyingi yanapanda usiku baada ya mvua iliyonyesha mbali ambayo kambi haikuiona.

Viboko nao wana njia zao. Mchana wako majini, usiku wanatoka kula majani, na hufuata mapito yaleyale. Pito la kiboko hutambulika: limekanyagwa kama barabara ya mkokoteni, mifereji miwili sambamba na majani katikati. Kibanda kisiwe hapo, wala mlango wake usielekee hapo.

Kuhusu umeme, kuna kichekesho ambacho wavuvi wenyewe hukitaja. Nyaya kubwa za msongo zinatoka Mtera zikienda Iringa na Dodoma, na mvuvi aliye chini yake anachaji simu kwa kipande cha sola alichokifunga juu ya paa la nyasi. Sola inatosha kwa taa na simu. Haitoshi kugandisha samaki, ndiyo sababu samaki wa Mtera hubanikwa au kukaangwa siku ileile, na ndiyo sababu kuni zinazidi kutafutwa mbali kila mwaka, kazi ambayo mara nyingi huangukia mama na binti.

Maji ya kunywa kando ya bwawa

Mtu atacheka akisikia kwamba tatizo la kwanza la familia iliyohamia kwenye bwawa kubwa namna hii ni maji. Lakini ya bwawani ni machafu kwa udongo na kwa watu, na kuyachota kwenyewe ni hatari.

Kichocho kiko kwenye maji matamu yaliyotulia, penye majani na konokono. Vijidudu vinavyotoka kwenye konokono hupenya ngozi nzima, bila kidonda, na huwa vingi majini karibu na saa za mchana, jua likiwa kali, wakati uleule watoto wanaotaka kuogelea. Dalili ambayo mzazi anaweza kuiona ni damu kwenye mkojo. Dawa ipo, na watoto wa shule hupewa kwenye kampeni za kitaifa. Mtoto aliyehamishiwa kambini na kuacha shule hukosa hiyo dawa pamoja na masomo. Kinga ya nyumbani haina gharama: maji ya kuoga yachotwe na kuwekwa kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kabla ya kutumika, kwani vijidudu hivyo haviishi zaidi ya hapo bila kupata mwili wa kuingia. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo.

Mamba hahitaji maelezo marefu. Yuko Mtera, na humvizia mtu pale anapozoea kuchotea, kwa saa anazozoea. Kambi yenye akili huzungushia sehemu ya kuchotea uzio wa miti iliyochomekwa ndani ya maji, au ndoo hufungwa kwenye mti mrefu ili mchotaji asiingize mguu. Mtoto asitumwe maji jioni. Na mtoto asitumwe peke yake saa yoyote.

Halafu choo. Kwenye ufukwe unaohama hakuna anayetaka kuchimba shimo atakaloliacha baada ya miezi miwili, kwa hiyo watu huenda vichakani, maji yanapanda, na vyote vinarudi kwenye ndoo. Ukifika kambini kuangalia kibanda, uliza choo kiko wapi. Kama anayejibu ananyoosha mkono kuelekea porini kwa jumla, hapo si mahali pa kulaza mtoto wa miaka miwili. Mgonjwa wa kuharisha akizidiwa, zahanati ya kijiji inaweza kuanza matibabu, lakini hospitali kubwa ziko Iringa na Dodoma, kila moja zaidi ya kilomita 100, na kabla ya hapo kuna kilomita za mchanga hadi lami.

Januari

Shule ndipo mambo yote haya yanapokutana. Elimu ya msingi haina ada, na shule ziko kwenye vijiji vya kudumu, karibu na barabara. Kambi inayofuata maji huwa mbali zaidi na vijiji hivyo mwishoni mwa mwaka, bwawa likiwa chini kabisa. Muhula wa kwanza unafunguliwa Januari, maji yakiwa bado hayajarudi. Kwa hiyo mtoto wa kambini huanza mwaka na safari ndefu kuliko zote, tena huo ndio msimu wa mvua, na makorongo ambayo Desemba yalikuwa barabara za mchanga hujaa ghafla yakakata njia kwa saa kadhaa. Mtu mzima mjini Dodoma anayajua makorongo haya, yameshachukua magari.

Kinachotokea hakihitaji mtu mbaya. Mtoto anakosa siku mbili, kisha wiki. Kambini kuna kazi za kumfaa: kutoa samaki kwenye nyavu, kukumba maji, kuchochea moto wa kubanika. Ana miaka 11, ana nguvu, na baba anahitaji mtu wa kushika pondo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyoingilia shule, na inakataza kazi za hatari kwa mtoto yeyote. Mtumbwi kwenye maji yenye visiki na viboko ni kazi ya hatari, hata kama nahodha ni baba mzazi.

Ndiyo maana familia zilizotulia Mtera miaka mingi zina mpangilio unaofanana, ingawa hakuna aliyeuandika. Chumba kinapangwa au nyumba inajengwa kijijini, kando ya lami, Mtera yenyewe, Migoli au Chipogoro, mahali penye shule, zahanati na bomba. Mama na watoto wanaishi hapo. Pengine mama anafanya biashara ya samaki pale barabarani, ambako bei ni nzuri kuliko ufukweni, na fedha inapita mikononi mwake badala ya kwa tajiri. Baba anakwenda dago, kama wanavyosema watu wa pwani, anakaa siku zake kwenye turubai na wavuvi wenzake, anarudi. Kambi ikihama kilomita tatu, kinachohama ni turubai, sufuria na godoro moja.

Mpangilio huu una gharama ambayo baba wa Chang'ombe hakuiweka kwenye hesabu: kodi inarudi, ingawa ni ya kijijini, na ndiyo iliyokuwa sababu ya kutaka kuondoka mjini. Unawaacha watoto bila baba siku nyingi za wiki. Kwa familia nyingine hesabu hiyo haitatosha, na kibarua cha mjini, pamoja na kodi yake, kitakuwa nafuu. Afadhali kulijua hilo mezani Chang'ombe kuliko kulijua ufukweni Februari, uhamisho wa shule ukiwa umeshafanyika na mtumbwi umeshalipiwa.

Wakiamua kuendelea, nauli ya basi inunuliwe mara mbili kabla ya kulipa chochote. Safari ya kwanza Mei, wakati bwawa limejaa na kila kitu kinapendeza, ili waone maji yanafika wapi na waweke alama kwenye mbuyu. Ya pili Novemba, wasimame kwenye mbuyu uleule, watembee kwa miguu hadi kwenye maji wakihesabu dakika. Hiyo ya pili waende na watoto.